Tumbo Waliloliita Mimba ya Marehemu

Mwanamke mzaliwa wa Salale anayesoma Kiingereza, anayetia saini jina lake kwa mwandiko wa kuunganisha, na anayeweza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni bila mama yake kupiga kelele, mimi namjua mmoja tu, na ndiye anayeandika hapa. Nilitoka huko kwenye mikoko nikiwa msichana nisiye na viatu. Nilirudi Kibiti na diploma ya ukunga, nimeivingirisha ndani ya mkebe wa bati isiingie unyevu, na kwa jasho langu nikajenga nyumba ya mabati wakati wanaume wengi wa rika langu wanaezeka kwa makuti. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba mtu aliyekaribia kufa kwa kuficha ugonjwa hakuwa mjinga. Kama jambo hili lilinipata mimi, linaweza kumpata yeyote, na nawaandikia hasa wanawake wanaoumwa na kitu ambacho hawataki kukitaja.

Mume wangu, Athumani, alifariki masika. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikaoga, nikarudi kazini kwangu zahanati ya Kibiti. Mwaka mzima ulipita. Vuli ya mwaka uliofuata nikaona gauni langu jeupe la kazi limenibana kiunoni. Nikacheka, nikasema ni wali wa Rufiji, nikalipeleka kwa fundi alilegeze. Ilipofika kaskazi fundi alikuwa amelilegeza mara mbili, na mara ya pili hakuniuliza neno, akapima huku anatazama cherehani yake.

Nilikuwa nikirudi nyumbani mchana, nafunga mlango, nalala chali, najipapasa. Mikono hii imepokea watoto wengi wa Kibiti, na baadhi yao sasa wameoa. Ilijua mapema kwamba pale hapana mtoto. Hapakuwa na kichwa wala mgongo, na nilipotega sikio kwa vidole, hapakuwa na moyo wa pili. Palikuwa na kitu cha mviringo, kigumu upande mmoja na kilaini upande mwingine, kinachosogea nikikisukuma. Mikono ilisema hivyo, na kichwa kikajibu kuwa ni chango tu. Basi nikajitibu chango. Nikanywa chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, mpaka nikashinda chooni.

Daktari wa wilaya alikuwa akija kila mwezi kukagua zahanati. Alikuwa akinisifu mbele ya watumishi wote kwa usafi wa vyombo vyangu, na kila alipokuja nilisimama nyuma ya meza na kushika daftari mbele ya tumbo. Ningeweza kumwambia siku yoyote. Lakini nilishaona mwanamke wa Ikwiriri aliyeambiwa ana uvimbe, akarudi kwao kwa machela, na sikutaka neno lile litamkwe juu ya mwili wangu. Na kulikuwa na jambo la pili. Mimi ni mjane. Mjane mwenye tumbo, hata awe na nywele nyeupe kama zangu, watu hawaanzi kwa kuuliza anaumwa nini.

Masika yalipoanza, wanawake wa sokoni walikuwa wakinyamaza nikifika. Hapo ndipo alipokuja wifi yangu Somoe, dada wa marehemu, kutoka Salale. Somoe ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na tangu niolewe na kaka yake hajawahi kuniita kwa cheo changu hata siku moja. Aliingia, akaweka kikapu cha kamba wakavu chini, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Ni ya kaka," akasema.

Nikamuuliza nini ya kaka.

"Usinifanye mtoto, wifi. Ililala kwa sababu ya msiba, sasa imeamka. Hata mama yetu ilimtokea kwa mdogo wetu wa mwisho."

Msomaji wa mbali pengine hajui. Kwetu husemwa kwamba mimba ikikutana na huzuni kubwa au hofu, inaweza kujificha mgongoni. Inalala huko mwaka, miwili, hata zaidi, kisha inarudi mbele na kuzaliwa kama nyingine. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye husema vitabu vinakubali mimba kukaa miaka. Mimi nilikuwa nimepambana na maneno hayo tangu nirudi na diploma yangu. Nilishawakaripia wanawake wazima, kidole hewani, kwamba hakuna mimba ya mgongoni, kwamba mgongoni kuna mifupa.

Siku ile nilifungua mdomo nimkaripie na Somoe. Nikaufunga. Nilielewa alichokuja nacho. Hakuja kunishtaki wala kuniuliza nilikuwa na nani. Alikuwa ametembea na kupanda mtumbwi siku nzima ili aniletee neno la kunisitiri, na neno hilo lilikuwa na jina la mume wangu ndani yake. Nikainama, nikakitazama kikapu chake. Nikanyamaza. Somoe akapokea kunyamaza kwangu kuwa ndiyo, na kabla ya Ijumaa Salale nzima ilijua kwamba Athumani ameacha mtoto tumboni.

Hapa nataka niseme shukrani yangu ya kwanza, ingawa ni ya ajabu. Ukoo mzima wa mume wangu ulikaa upande wangu. Hakuna aliyenisengenya. Shemeji zangu walinitumia salamu za heshima. Mwalimu wa chuo alisoma dua. Hata wanawake wa sokoni walianza kunichagulia nazi nzuri. Nilikuwa nimejenga heshima yangu kwa vyeti na sabuni kwa miaka mingi, nikaona jinsi watu wasiojua kusoma walivyoishika isianguke, kwa neno moja tu. Lakini neno lilelile lilikuwa linaniua, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Kipupwe kilipoingia na mpunga ukaanza kukomaa, waliamua nipelekwe Salale kwa binti yangu Zainabu nikatunzwe. Niliomba likizo, nikaandika kwenye fomu kwamba nina udhuru wa kifamilia. Zainabu ndiye mwanangu wa pekee. Ameolewa huko na Shomari, mkata boriti wa kwenye mikoko, na wana watoto watatu. Mkubwa wao, Mwanahawa, alikuja kunipokea, akaniuliza kama nimembebea mjomba au mama mdogo. Nikamwambia atulie.

Walinitunza kama sultani. Walinipikia wali mpya kwa nazi, kamba wa kuchoma, mchuzi wa samaki hongwe. Somoe alikuwa anashona vikofia vidogo kwa mkono, kila siku akininyooshea kimoja nikisifu. Nilivisifu. Shomari alinijengea kitanda cha fito za mikoko, kirefu kuliko kawaida ili nisipate shida ya kuinuka, akakiacha mlangoni bila kuingia. Mkwe wa kiume kwetu hakai mkeka mmoja na mama wa mkewe, wala hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Shomari aliishika heshima hiyo kwa ukamilifu. Katika miaka minane ya ndoa yao nilikuwa naujua mgongo wake kuliko uso wake. Nami sikuona hasara. Nilimlea Zainabu ili aolewe na karani.

Mwili ulikuwa unaisha huku tumbo linazidi. Mikono yangu ilikonda mpaka bangili zikawa zinapanda hadi kwenye kiwiko. Mashavu yaliingia ndani. Sikuweza kula zaidi ya matonge manne, tumbo lilikuwa limeshajaa kitu kingine. Somoe alisema mtoto wa uzee hunyonya sana. Zainabu alikuwa ananipima kwa macho. Siku moja tukiwa dunguni, yaani kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga na ndege, alikuwa ananipaka mafuta mgongoni. Akapitisha mkono mbele, akauweka tumboni, akauacha hapo.

"Mama, mbona hachezi?"

Nikamwambia amelala.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu mtoto anavyocheza," akasema. "Nimehesabu tangu juzi. Sijapata hata mara moja."

Nilimwambia aangalie ndege wanakula mpunga wake. Akaondoa mkono. Kwa siku tano baada ya hapo aliniletea chakula na maji ya kuoga, hakuniletea maneno. Nilimsikia akigombana na mumewe kwa sauti ya chini, yeye anataka nipelekwe Dar es Salaam, Shomari anamjibu kwamba hawezi kumwamuru mkwe.

Asubuhi ya siku ya sita nilikuwa nashuka ngazi ya dungu. Kitu kilijinyonga ndani yangu. Siwezi kueleza vingine. Kilikuwa kama mtu aliyeshika nguo mbichi kwa mikono miwili akaikamua. Niliangukia kwenye mpunga, nikatapika nyongo, jasho baridi likanitoka. Somoe alipiga kigelegele, akakimbia kuchemsha maji, akiamini uchungu umeanza. Zainabu alipiga magoti matopeni, akanishika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo mtoto hamfanyii mama yake.

"Mama. Nitakuzika na neno hilo, au utaniambia?"

Nilimtazama. Ana macho ya baba yake. Nikamwambia si mimba, kwamba nimejua tangu vuli. Nilidhani atalia au atanikaripia, na ningestahili yote mawili. Akasema tu, "Basi twende," akasimama akamwita mumewe.

Tuliondoka na maji yanayokupwa, mimi nimelazwa chini ya mtumbwi juu ya mikeka, Zainabu kichwani kwangu, Somoe miguuni na birika lake la maji ya moto, Shomari anapiga kasia nyuma mahali ambapo siwezi kumwona. Somoe alinihimiza nisisukume bado. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ukweli, na Zainabu alikuwa ameniwekea kidole mdomoni, si mbele ya shangazi, si ndani ya mtumbwi.

Tulipofika Nyamisati maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Kati ya mtumbwi na nchi kavu kulikuwa na tope refu, la kufika mapajani, na gari la boriti la kwenda Kibiti na Dar es Salaam lilikuwa limeshapakia, tunaliona. Kusubiri maji yajae kulikuwa ni kulikosa gari, na gari jingine halikujulikana siku yake. Zainabu na Somoe walijaribu kuninyanyua, wakazama wote wawili mpaka kiunoni. Shomari alikuwa amesimama kwenye tope, amegeuza uso upande wa mikoko. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko mimi.

Akasema huku anatazama miti, "Mama, nikubebe, au nikusubirishe?"

 Nawaambia kweli, nilikuwa nakufa na bado nilikuwa napima heshima. Somoe ndiye aliyekata shauri. Alivua kanga yake ya juu, akanifunika gubigubi kichwa na uso, akapaza ile sauti yake.

"Shomari, wewe kazi yako nini?"

"Kukata boriti, shangazi."

"Unazibebaje?"

"Begani."

"Haya. Hapa hakuna mkwe. Mimi naona boriti, imefungwa nguo. Beba boriti yako uipeleke kwenye gari, na usiiharibu, hiyo imesoma."

Wapakiaji walioko garini wakacheka. Mimi mwenyewe, chini ya kanga, katikati ya maumivu yale, nilicheka, na kila nikicheka tumbo linanikata. Shomari akaniinua. Alinibeba kwa mikono miwili, kifuani, si begani, akitembea tope lile hatua kwa hatua bila kuyumba, na hakusimama kupumua mpaka kwenye gari. Nilikuwa nasikia moyo wake kwa sikio langu. Nilikuwa nimemhesabu mtu huyu kwa miaka minane kwamba hana chochote.

Somoe alirudi Salale kuwaangalia watoto. Sisi watatu tulikwenda juu ya boriti zile, mimi kwenye godoro la majani, barabara yote mpaka Dar es Salaam.

Hospitalini karani aliuliza shida. Zainabu alinitazama mimi, mimi nikatazama chini. Karani akaona tumbo, akaandika alichokiona, akatuelekeza benchi. Kwa hiyo mimi, bibi wa wajukuu watatu, nilikaa kutwa nzima kwenye benchi la waja wazito. Kushoto kwangu msichana mwenye mimba ya kwanza alikuwa anakula udongo kwa siri kutoka kwenye pindo la kanga. Nilimnyang'anya, nikamweleza madhara yake kwa utaratibu, kazi ni kazi. Benchi lilikuwa linasogea, mmoja akiingia sote tunateleza nafasi moja. Nilikuwa na mkebe wa diploma mapajani. Nilikuja nao nikidhani wakiuona watanipitisha mbele. Nesi mmoja aliuona akaniambia kwa adabu, "Weka vizuri, mama, hapa tunaangalia kadi."

Alasiri nesi yuleyule akapita tena, akanihurumia. Akaniuliza, "Bibi, umemsindikiza nani?"

Benchi zima likanigeukia. Nilikuwa nimeficha jambo hili vuli, kaskazi, masika na nusu ya kipupwe. Nikasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Sikumsindikiza mtu. Nina uvimbe tumboni."

Hakuna kilichoanguka. Yule msichana wa udongo alinisogezea chupa yake ya maji. Nesi alichukua kadi yangu, akaiandika upya, na katika muda usiozidi wa kuchemsha chai nilikuwa nimelala mbele ya daktari. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye mikono ya baridi. Alianza kutafuta mkalimani. Nikamwambia kwa Kiingereza chake kwamba hahitajiki, nikamweleza ugonjwa wangu kwa mpangilio, ulipoanza, unavyosogea, ulivyojinyonga. Akasimama akisikiliza. Kisha akaniuliza kwa nini mkunga anayejua yote haya amekaa nayo muda wote huo. Hilo halikuwa swali la Kiingereza. 

Alisema nipasuliwe kesho yake asubuhi, na kwamba ningechelewa siku mbili tatu asingekuwa na mtu wa kumpasua. Wengine waliletewa wino wa kidole gumba. Mimi niliomba kalamu, nikatia saini, jina langu lote na la baba yangu. Herufi zote ziliungana. Nilihakikisha.

Sikumbuki kitu baada ya ile dawa ya kunusa. Niliamka mdomo mkavu, tumbo limefungwa, na jambo la kwanza nililolihisi ni wepesi, kama mtu aliyetua mtungi. Kisha maumivu yakaja yakachukua nafasi yake. Siku mbili baadaye nilimwomba nesi anionyeshe walichokitoa. Alikataa, nikamwambia mimi ni mkunga, nimeona mengi. Akaniletea kitandani, kikiwa ndani ya beseni. Kilikuwa kikubwa kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumpokea, fuko jeupe lenye mishipa, limekuwa jeusi upande uliojinyonga.

Nakiri jambo hapa ambalo sijamwambia hata Zainabu. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo. Na bado nilitafuta uso humo. Nilikizunguka kwa macho, pande zote, nikitafuta kama kuna mahali Athumani amebaki. Ndipo nilipoelewa kwamba sikunyamaza kwa sababu ya aibu peke yake. Nesi alinishika bega, akafunika beseni.

Sindano zilikuja kila baada ya saa chache, makalio yakawa magumu kama ubao. Siku zangu nilizihesabu hivyo, siku ya sindano za mwisho, siku ya uji, siku ya kutolewa nyuzi. Siku ya sita nesi alisema nifungwe tumbo nianze kuketi. Zainabu akatoa kwenye furushi kitambaa kirefu, kipya, kimekunjwa kwa mikunjo ya zamani.

Nilikijua. Shomari alipomposa Zainabu alileta, kama desturi, mkaja wangu. Mkaja ni ile nguo ambayo mama hujifunga tumboni akishajifungua, na mwenye kuoa humletea mama wa bibi harusi nyingine mpya, kumwambia kwamba anajua aliteseka kumzaa. Mimi niliurudisha. Nilimtuma mtu amwambie kwamba nina bandeji za hospitali. Watu walicheka siku ile, nami nilijiona nimesema jambo la maana. Shomari alikuwa ameuweka sandukuni miaka minane. Tulipokuwa tunaondoka Salale, wakati wengine wanakusanya mikeka na birika, yeye aliuchukua huo.

Zainabu aliuzungusha tumboni mwangu, mara saba, akaufunga.  Shomari alikuwa analala varandani kwa sababu hawezi kuingia wodini mkwe wake amelala. Siku ya kutoka nilisimama mlangoni, yeye amegeukia ukuta, nikamwambia, "Mkwe wangu, mkaja nimeupokea."

"Alhamdulillahi, mama," akauambia ukuta.

Nilirudi Salale kipupwe kikielekea kuisha. Nilipotoka kwenye mtumbwi nikaona wanawake wamekaa kimya barazani kwa Zainabu, wamejitanda. Habari zilitangulia kwamba tumbo halipo na mtoto hayupo, wakakusanyika kutoa pole kwa mtoto. Somoe alikuwa katikati yao. Alikuwa ameweka vikofia vyote kwenye ungo, vimepangwa.

Ningeweza kukaa na kupokea pole. Hakuna ambaye angejua, na heshima yangu ingebaki nzima. Nilibaki nimesimama. Niliwaambia kwamba hakukuwa na mtoto. Ulikuwa uvimbe, umetolewa Dar es Salaam, na mimi niliujua tangu mwaka jana, nikawaacha waseme ni mimba kwa sababu niliogopa. Niliwaambia wasimlaumu mwingine.

 Somoe aliutazama ungo wake.

"Basi kaka hakutuachia mwingine," akasema.

Akalia, si kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, kwa sauti ndogo nisiyoijua. Nilikaa chini karibu naye, mshono unanivuta, nikamshika. Nilikuwa nimemfisha kaka yake mara ya pili, kwa kunyamaza tu. Hilo nalitaja kwa ajili ya wenye kuficha, kwamba mnaowaficha nao hujenga nyumba juu ya maneno yenu.

Tulikaa hivyo mpaka wanawake wengine walipoondoka mmoja mmoja. Somoe akapangusa uso kwa kanga. Akanitazama tumbo lilivyosinyaa.

"Umenishonesha vikofia sita, wifi," akasema. "Sita. Na diploma yako."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini mpaka tunakufa, nitakuita Boriti."

Ananiita hivyo mpaka leo, mbele ya daktari wa wilaya, na nimeacha kukasirika. Zainabu alijifungua mwaka uliofuata, nikampokea mwenyewe mjukuu wangu wa nne, na vikofia vikapata kichwa. Shomari bado anaingia majanini tukikutana njiani. Lakini sasa nikipita namsalimia nikiwa nimesimama, nauliza habari za kazi, na yeye ananijibu kwa urefu kutoka majanini. Tunaongea sana namna hiyo. Ni mtu mwenye akili nyingi, na ninawaambia watu kwamba nilimchagua mwenyewe.

Nimerudi kazini Kibiti. Mwezi uliopita alikuja mjane kutoka Mohoro, ametembea, amevuka mto, tumbo limemtangulia. Aliniambia imerudi kutoka mgongoni. Zamani ningeinua kidole. Nilimlaza, nikampapasa, hapakuwa na kichwa wala mgongo. Aliniuliza mtoto yukoje.

Nilifunga mlango wa chumba, nikafungua gauni langu jeupe, nikamwonyesha mshono kutoka kitovuni kushuka chini. Ni mshono mzuri, umenyooka, hata daktari aliusifu. Aliugusa kwa kidole. Akaniuliza kama inauma. Nikamwambia ukweli, kwamba inauma. Kisha nikatafuta viatu vyangu, kwa sababu gari la Dar es Salaam huondoka saa nne, na sikutaka aende kukaa kwenye benchi lile peke yake.